Mtoto Anayekesha

Mwezi huu tunataka kuzungumza habari za usingizi wa watoto wadogo, hasa wale wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Aliyetusukuma ni mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye alitusimamisha nje ya kanisa baada ya ibada. Mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa amelala fofofo mgongoni mwake, nayo ilikuwa saa 5 asubuhi. "Mwoneni alivyolala," akasema. "Usiku hafumbi jicho mpaka saa 5. Jamani, mimi nimekwisha."

Tukaenda kumtembelea jioni moja. Mama huyu ni mwalimu. Hutoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi na kurudi saa 12 jioni, na mtoto hubaki na msichana wa kazi. Kila aliyepita pale nyumbani alikuwa ameacha shauri lake. Bibi wa mtoto alisema ni chango, jirani akasema ni jicho la mtu, na rafiki mmoja akamshauri ampe mtoto kijiko cha ile dawa ya mafua inayoleta usingizi. Chupa ilikuwa juu ya kabati, na alikuwa amekwisha kumpa mara mbili.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo hili waziwazi, maana tunajua si yeye peke yake. Dawa ya mafua si dawa ya kulaza mtoto. Watoto wengine hufanywa na dawa hizo wahangaike badala ya kulala, na kipimo kikizidi, pumzi ya mtoto mdogo inaweza kupungua akiwa usingizini. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari zisipewe watoto wa chini ya miaka 2. Kama mtoto wako ana mafua kweli, mpeleke zahanati. Kama hana, irudishe chupa kabatini na uifungie.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Tulimwomba msichana wa kazi atusimulie siku yote ya mtoto tangu asubuhi, na hapo ndipo tulipopata jibu. Mtoto huamka saa 12 asubuhi, anaposikia mama yake anajitayarisha. Saa 4 hulala mpaka saa 6. Kisha hulala tena saa 10 mpaka saa 12 jioni. "Mbona unamlaza saa 10?" mama mtu akauliza, kwa sauti ya lawama kidogo. Msichana akajibu akitazama chini: "Saa 10 ndipo ninapowasha mkaa, mama. Jiko liko chini. Asipolala ataungua."

Tulinyamaza kidogo. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tukahesabu pamoja. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 7. Ongeza saa 2 za asubuhi na saa 2 za jioni, jumla ni saa 11. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 za usingizi kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana, na mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 mpaka 13. Kumbe mtoto huyu alikuwa akipata usingizi wake, ingawa kwa kiasi cha chini. Zaidi kidogo ya theluthi yake alikuwa akiilala wakati mama yake yuko darasani.

Usingizi ni kama njaa. Mtoto akikaa macho, hamu ya kulala hukua kidogo kidogo, na akilala hupungua. Ukimpa mtoto maandazi mawili saa 12 jioni, je, utashangaa akikataa ugali saa 1? Basi aliyeamka saa 12 jioni hawezi kuwa na hamu ya kulala saa 2 usiku. Ukimlazimisha atalia, utamwimbia, utambeba mgongoni na kuzunguka naye chumba kizima, naye atakutazama kwa macho makavu.

Watoto wengi huacha usingizi wa asubuhi wakiwa na umri wa kati ya miezi 15 na 18, hubaki na usingizi mmoja baada ya chakula cha mchana. Usibadilishe kwa siku moja. Kila baada ya siku mbili au tatu, chelewesha ule usingizi wa asubuhi kwa robo saa, na ule wa jioni uupunguze mpaka uishe. Chakula cha mchana kiwe mapema, hata saa 5 na nusu, la sivyo atasinzia na tonge mkononi. Kusudio ni alale karibu saa 7 mchana na aamke saa 9. Ikifika saa 9 na nusu, fungua pazia, mwite jina, mtoe nje kwenye mwanga. Kwa wiki moja au mbili atakuwa na kisirani. Sisi tumeyapitia, yanapita.

Na jiko je? Hilo halikuwa tatizo la mtoto wala la msichana, lilikuwa letu sisi tunaomwachia mtu mmoja kazi ya wawili. Walikubaliana maharage na mchuzi vipikwe saa 7, mtoto anapolala, na ugali usongwe mama akisharudi. Jioni mtoto na msichana wakae uani na mpira.

Usiku, mambo yafuatane vilevile kila siku, maana mtoto hajui kusoma saa bali anajua kinachofuata nini. Chakula saa 1, kuoga kwa maji ya uvuguvugu, nguo ya kulalia, meno, taa ipunguzwe, kunyonya kama bado ananyonya, wimbo mmoja, sala fupi, chandarua. Jitahidi umlaze akiwa anasinzia lakini hajalala kabisa, ili akishtuka usiku wa manane ajikute mahali pale pale alipolalia. Chupa ya maziwa asilale nayo mdomoni, inaharibu meno. Simu na televisheni vizimwe mapema. Mwongozo ule ule wa 2019 haupendekezi kabisa mtoto wa mwaka 1 atazame, na wa miaka 2 asizidi saa moja kwa siku. Tunajua saa 2 ni taarifa ya habari, na nyumba nyingi zina sebule moja tu. Sauti ishushwe basi.

Kwa mama huyu, lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa baba. Hufika nyumbani saa 2 na nusu, na mtoto ndiye furaha yake. Humrusha juu, wanacheka, na usingizi wote unaruka. Mama alikuwa akinuna jikoni. Sisi hatuoni kwamba baba alikosea. Mtu anayemwona mwanawe saa moja tu kwa siku atakubali vipi kumkuta amelala? Walizungumza Jumamosi moja, si usiku wakiwa wamechoka, na baba akachukua asubuhi. Sasa yeye ndiye anayemwosha mtoto na kumnywesha uji mama akijitayarisha.

Mtoto akikoroma kwa nguvu kila usiku, au akionekana kukata pumzi usingizini, au akibadilika ghafla na kulia huku ana homa, ratiba haitasaidia. Aonwe na daktari.

Tulipopita tena baada ya wiki tatu, saa 2 na dakika 10 mtoto alikuwa amelala. Msichana wa kazi alikuwa anasoma. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi na madaftari ya wanafunzi, hajasahihisha hata moja, naye amesinzia.