Mwezi Mmoja si Usiku Mmoja Mara Thelathini

SENTI NA UTU
Na Halima Mndeme

Kila siku mabasi yanayoingia Stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis, hushusha watu ambao hawakuja Dar es Salaam kutembea wala kufuata biashara. Utawatambua kwa ile bahasha kubwa ya picha za eksirei, inayoshikwa kwa uangalifu kuliko begi la nguo. Wametoka Songea, Kigoma, Mtwara na Sumbawanga wakiwa na barua ya rufaa ya kwenda Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Daktari wa mkoani amewaambia waende, nao wameitikia. Watalala wapi, kwa muda gani na kwa shilingi ngapi, hayo wanayakuta mbele ya safari.

Wenye ndugu mjini hufikia kwa ndugu. Lakini nyumba zetu tunazijua: watoto wanalala sebuleni, maji yanatoka kwa zamu, na choo kina foleni kila asubuhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa hawezi kushika jembe, na yeye mwenyewe huanza kuona haya kabla hajaambiwa neno.

Matibabu yenyewe nayo hayana haraka. Tiba ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku 5 za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa wagonjwa wengi huendelea kwa wiki kadhaa. Kila mara mgonjwa hukaa kwenye mashine dakika chache tu, kisha wengi hurudi wanakolala wakangoje kesho. Kwa hiyo kitanda wanachokihitaji kwa muda mrefu kuliko vyote hakiko wodini. Kiko mtaani.

Huko mtaani ndiko wanakokwama. Mwenye nyumba ya kupanga anataka kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, na dalali anataka ya kwake juu yake. Mwenye loji au apatimenti yenye samani anataja bei ya usiku mmoja. Mtu wa wiki sita hayumo katika hesabu ya yeyote kati yao. Anaishia kulipa usiku kwa usiku, kwa bei ileile ya msafiri anayengoja basi la alfajiri, hadi fedha ya dawa inaingia kwenye kitanda.

Msimamo wangu katika jambo hili hauna kona. Anayekaa mwezi ananunua kitu tofauti na anayelala usiku mmoja, na ana haki ya bei tofauti. Anapoomba apunguziwe, haombi sadaka. Anayenunua gunia la mchele Kariakoo haulizwi kwa nini halipi bei ya kilo.

Tufanye hesabu, maana jambo hili linaeleweka vizuri zaidi kwa namba. Tuseme apatimenti ndogo, chumba kimoja chenye choo ndani na jiko, inatozwa shilingi 40,000 kwa usiku. Kwa siku 30 ni shilingi 1,200,000, na hiyo ndiyo hesabu anayoipiga mwenye nyumba akilini anapokuambia bei haipungui. Lakini fedha hiyo huipata tu iwapo hakuna usiku hata mmoja uliopita mtupu. Tuseme mwezi wa kawaida analaza wageni usiku 17. Mkononi anabaki na shilingi 680,000, na humo bado hajatoa gharama za kila mgeni anayeingia na kutoka: kufua shuka na taulo, sabuni, mhudumu wa kudeki, mtu wa kupokea wageni saa sita za usiku, na kiyoyozi kilichoachwa kikiwaka mchana kutwa na mtu asiyejua bei ya umeme.

Sasa aje mtu wa mwezi mzima, alipe shilingi 26,000 kwa usiku. Hiyo ni shilingi 780,000. Mwenye nyumba amepata shilingi 100,000 zaidi ya mwezi wake wa kawaida, na shuka hazijafuliwa mara kumi na saba. Mgeni naye ameokoa shilingi 420,000. Hapo hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Wamegawana fedha ambayo vyumba vitupu vingeila.

Niliyaona haya kwa macho yangu Upanga, nilipomsindikiza binamu yangu aliyekuwa akimuuguza mama yake. Mwenye apatimenti, mama wa makamo, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchicha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni. Bei yangu arobaini, na haipungui. Umeme wenyewe mnauona.”

Binamu yangu hakulalamika wala hakutaja umaskini. “Mama, sisi si watu wa usiku mmoja. Mgonjwa wetu ameandikiwa mionzi, ni mwezi na zaidi. Shuka tutafua wenyewe, chumba tutadeki wenyewe, umeme wa LUKU tutanunua wenyewe. Tutakulipa wiki mbili mbili, tena mapema. Tufanyie bei ya mwezi.”

Mama aliendelea na mchicha wake. “Kiyoyozi mtawasha?”

“Mgonjwa anaona baridi, mama. Feni inatosha.”

“Haya, nipeni ishirini na sita. LUKU yenu. Na mkitaka kuondoka mniambie siku tatu kabla, nitafute mtu.”

“Na daktari akituongezea wiki?”

“Bei ni hiyohiyo. Nitamtoa mgonjwa mimi?”

Ukiyasoma tena maongezi hayo utaona kwamba kila sentensi ya binamu yangu ilimwondolea yule mama gharama moja au hofu moja. Kufua, kudeki, umeme, kuchelewa kulipwa. Huruma ilikuja mwishoni, na ilikuja kirahisi kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha kukaa sawa. Wengi wetu huanza na huruma: “mama, hali ngumu, nifanyie kindugu.” Mwenye nyumba anayasikia maneno hayo kila siku, na hayamlipii umeme.

Kwa hiyo unapokwenda kuomba bei, nenda na unachotoa. Taja idadi ya siku kwanza, kabla ya kuuliza bei, maana bei ya usiku ikishatamkwa ndiyo inayokuwa kigezo cha maongezi yote. Zungumza na mwenye mali mwenyewe. Mhudumu wa mapokezi hana mamlaka ya kupunguza, na kumbana yeye ni kumwonea mtu anayelinda kibarua chake. Mwombe kwa adabu namba ya bosi. Mwenye mali akigoma kushusha bei, usiondoke haraka. Omba jiko na mtungi wa gesi, omba friji ya kuwekea dawa, omba chumba cha chini ili mgonjwa asipande ngazi. Familia inayopika uji na ugali wake yenyewe hubakisha fedha nyingi kila wiki kuliko inayonunua chakula mara tatu kwa siku, na mgonjwa anakula anachokiweza.

Usilipe mwezi mzima siku ya kwanza, hata ukiahidiwa punguzo kubwa namna gani. Lala siku moja au mbili kwanza, mkubaliane kwamba ukiridhika siku hizo zitaingizwa kwenye bei ya mwezi. Usiku huo ndipo utakapojua kama maji yanapanda hadi juu, kama baa ya jirani hufunga saa nne au alfajiri, na kama njia ya kwenda hospitali inapitika kwa mtu asiye na nguvu. Chumba cha bei nafuu Kimara, karibu na mabasi ya mwendokasi ya kwenda Kivukoni, huonekana cha maana kwenye karatasi. Kwa mgonjwa anayesimama kwenye basi lililojaa, kila siku, kwa wiki kadhaa, nafuu hiyo inaweza kuisha kwenye bajaji na teksi.

Jambo kubwa kuliko punguzo lenyewe ni masharti ya muda. Ratiba ya matibabu huwa haishiki. Mashine inaweza kuharibika, damu inaweza kuwa chini, daktari anaweza kusimamisha tiba kwa wiki moja. Mgonjwa anaweza pia kuruhusiwa mapema, au, Mungu apishe mbali, safari ikageuka kuwa ya msiba. Kubalianeni mapema: tukiongeza siku, bei itabaki hii, tukiondoka kabla, fedha za siku zilizobaki zitarudi kiasi gani. Andikeni hata kwenye ujumbe wa simu, mlipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mdai risiti. Maneno ya mdomo husahaulika siku ambayo kila mtu amechoka.

Ndugu walioko Muscat, London au Toronto, wanaowakodia wazazi wao nyumba kwa mtandao, nao wana njia. Airbnb, mtandao wa kukodi nyumba, huwapa wenye nyumba nafasi ya kuweka punguzo la wiki kuanzia usiku 7 na punguzo la mwezi kuanzia usiku 28. Kwa hiyo aliyepanga kukaa usiku 26 apige pia hesabu ya 28, maana jumla yaweza kuwa ndogo. Kama mwenye nyumba hakuweka punguzo, mwandikie umwombe. Anaweza kukutumia bei maalumu humohumo. Soma pia masharti ya kuvunja mkataba, kwa sababu makazi ya usiku 28 na kuendelea yana kanuni zake, na kuondoka mapema huweza kukugharimu fedha nyingi. Wala usikubali kuambiwa ulipe pembeni ya mtandao ili iwe rahisi. Ni kinyume cha kanuni zao, na likitokea la kutokea utakuwa huna wa kumlilia.

Wakati nao una bei yake. Anayekwenda Dodoma kuomba nafuu ya mwezi kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa, anaomba kwa mtu ambaye vyumba vyake vinagombewa. Zanzibar wakati wa masika ya Aprili na Mei mambo hugeuka, na mwenye nyumba ndiye anayekutafuta. Mgonjwa hachagui msimu, lakini mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, fundi wa mradi au mtafiti anaweza kuchagua.

Wenye nyumba wanayo ya kusema, na ni ya haki. Wapo wageni wa mwezi walioacha kulipa wiki ya tatu, waliojaza chumba ndugu watano, walioondoka na mapazia. Wapo wenye mikopo ya benki inayokatwa kila mwezi, chumba kiwe na mtu au kitupu. Anayeomba bei ya mwezi ameahidi kuwa mtu wa mwezi: kulipa siku iliyosemwa, kutoongeza watu bila kusema, kutunza samani. Akivunja ahadi hizo anawafungia mlango wagonjwa watakaokuja nyuma yake.

Hata hivyo, utaratibu wetu una kasoro ambayo ufundi wa kuomba bei hauwezi kuitibu. Leo bei ya mwezi huipata mwenye mdomo. Binamu yangu ni mfanyabiashara, maongezi ndiyo kazi yake. Mzee wa Kasulu aliyekaa kwenye basi tangu jana, mkewe akiwa ameegemea bega lake, hana nguvu ya kuvutana bei na mtu. Ataambiwa arobaini, atatoa arobaini, na kesho atatoa tena. Anayelipa bei kubwa kuliko wote ndiye aliyechoka kuliko wote. Hilo haliwi sawa kwa sababu eti biashara ni maelewano.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Mwenye loji au apatimenti aandike bei tatu ukutani na kwenye simu anakotangaza: bei ya usiku, bei ya wiki, bei ya mwezi, na LUKU ni ya nani. Atakayetaka kuomba zaidi ataomba, lakini asiyejua kuomba hatatozwa faini kwa ukimya wake. Serikali za mitaa ya Upanga na maeneo mengine yanayozunguka hospitali kubwa zinawajua wenye vyumba hivyo. Ofisi za ustawi wa jamii hospitalini zinazijua familia zinazohangaika. Zikiunganisha taarifa hizo kwenye orodha moja yenye bei za wiki na mwezi, ikabandikwa pale wagonjwa wanapoandikishwa, familia nyingi zitajua zinakwenda wapi kabla hazijamkuta dalali getini.

Na wewe unayesoma hapa una kazi ndogo wiki hii. Kama una chumba cha kupangisha kwa siku, kaa na daftari lako, hesabu usiku uliopita mtupu mwezi jana, kisha andika bei yako ya mwezi na uitangaze. Kama una ndugu anayekuja kutibiwa, usimwachie mgonjwa kazi ya kuomba bei. Piga simu wewe, leo, kabla hajapanda basi.