Mteja Aambiwe Mapema: Barua ya Wazi kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC),
Washington, D.C.

Waheshimiwa,

Novemba 2009 kampuni ya Verizon ilipandisha faini ya kuvunja mkataba wa simu janja kutoka dola 175 hadi dola 350. Faini hiyo ilikuwa ikipungua dola 10 kila mwezi, kwa hiyo mteja aliyevumilia miezi 23 kati ya 24, akaondoka akiwa amebakiza mwezi mmoja tu, bado alidaiwa dola 120. Ofisi yenu haikunyamaza. Desemba ya mwaka huo huo mliiandikia kampuni hiyo mkitaka maelezo, na Januari 2010 mkazigeukia na AT&T, Sprint, T-Mobile na Google. Mlitaka kujua pesa hizo ni za nini, na mteja anaambiwa habari zake wakati gani.

Nawakumbusha hayo kwa sababu faini ile imeondolewa kwenye karatasi, lakini watu ninaowahudumia wanaendelea kuilipa.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Louisville, Kentucky. Ninaowatafsiria wengi wametoka Kivu na Katanga, wengine Burundi, na wengi wao wameishi miaka mingi kambini Tanzania au Uganda kabla ya kuletwa huku. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya mtaa mmoja. Kazi yangu rasmi ni ya hospitalini na shuleni. Lakini daktari akishatoka chumbani, mtu hufungua mkoba wake na kutoa karatasi nyingine akitaka nimsomee, na mara nyingi karatasi hiyo ni bili ya simu.

Niruhusuni niwaeleze bili moja. Mwenyewe ni mama aliyezaliwa Uvira, huko Kivu, na kulelea watoto wake katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Alipofika hapa alikwenda kwenye duka la simu, akamkuta muuzaji anayesema Kiswahili kizuri. Alifurahi, na nani asingefurahi? Yule kijana alimwambia simu ni ya bure, atalipia laini tu kila mwezi. Maelezo yote yalikuwa ya Kiswahili. Kisha akapewa kompyuta kibao yenye maandishi ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi kwa kidole, akatia.

Simu ile bei yake ilikuwa dola 720. Iligawanywa kwa miezi 36, ikawa dola 20 kwa mwezi. Kila bili ilikuwa na mistari miwili: mmoja unamdai dola 20 za simu, wa pili unamrudishia dola 20 za punguzo. Ikipigiana hesabu inabaki sifuri, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuitazama. Baada ya miezi 14 alipata kazi kwenye kiwanda cha nyama huko Iowa, akahama na watoto. Nyumba aliyopanga haikupata mtandao wa kampuni ile. Ili azungumze na mtu ilimbidi atoke nje, wakati wa baridi, asimame kando ya barabara. Akafunga laini, akajiunga na kampuni nyingine iliyoshika vizuri. Bili ya mwisho ilipokuja, mstari wa punguzo ulikuwa umeondolewa na miezi 22 iliyobaki imekusanywa pamoja. Dola 440, zilipwe zote kwa tarehe moja.

Alinipigia kwa simu hiyo hiyo, akiwa kwenye intaneti ya jirani. “Dada, walisema simu ni ya bure. Hii deni inatoka wapi?”

Nataka nitende haki kwa pande zote. Kampuni iliinunua ile simu kwa pesa, na ilimpa mtu ambaye hakuwa na dola 720 wala alama ya mkopo ya kumdhamini. Mtindo huu una faida kubwa. AT&T ilipouza iPhone 3G kwa dola 199 mwaka 2008 kwa mkataba wa miaka miwili, watu wengi walishika kwa mara ya kwanza kifaa ambacho wasingekigusa kwa bei yake halisi. Mama wa Uvira kwa simu ile amejaza fomu za bima ya afya, amepokea ujumbe wa mwalimu, amemwona kaka yake kwenye WhatsApp. Sipingi kulipia kitu alichopewa. Anayeondoka mapema, ni haki adaiwe sehemu iliyobaki.

Ninachopinga ni mteja kufichwa kiasi hicho hadi siku anapoondoka. Na kimefichwa kwa namna ambayo sheria zenu za sasa haziifikii sawasawa.

Zamani mkataba ulikuwa mmoja na faini yake imeandikwa ndani. T-Mobile ilipoachana na mikataba ya miaka miwili mwaka 2013, na kampuni nyingine kubwa zikafuata hadi mwanzoni mwa 2016, magazeti yalishangilia kwamba mteja sasa yuko huru. Kumbe mkataba uligawanywa vipande. Leo huduma ina karatasi yake, na karatasi hiyo inatamba kwamba hakuna mkataba wa mwaka, unaondoka siku unayotaka. Mkopo wa simu una karatasi ya pili. Masharti ya punguzo yako kwenye ya tatu, kwa herufi ndogo. Ukisoma kila moja peke yake hutaona faini popote. Ukiziweka pamoja, umefungwa miaka mitatu, kwa sababu AT&T ilihamia miezi 36 mwaka 2021 na Verizon ikafanya vivyo hivyo mwaka 2022. Mkataba wa zamani tuliokuwa tukiulalamikia ulikuwa wa miezi 24.

Tangu Aprili 2024 mmezitaka kampuni kubwa zionyeshe lebo ya huduma ya intaneti, ya nyumbani na ya simu, mfano wa ile iliyobandikwa kwenye pakiti za chakula. Naisifu kwa moyo wote; nimeitumia mara nyingi kuwaelekeza watu. Ndani yake mna mstari wa gharama ya kuvunja huduma mapema. Lakini lebo ile inahusu huduma, na deni la simu halimo. Mtu anaweza kuisoma kwa makini, akaielewa yote, akatia sahihi akiamini kwamba kuondoka hakumgharimu kitu, na huku dola 720 zinamngoja kwenye karatasi nyingine.

Kuna masharti mawili yanayoniumiza zaidi ya hayo. La kwanza: mtu akipata pesa, tuseme za marejesho ya kodi, akaamua kulipa simu yote mapema ili alale bila deni, kwenye ofa nyingi punguzo lililobaki linapotea. Kwa hiyo yule aliyelipa haraka amelipia simu ya bure kwa pesa yake mwenyewe. Watu hawa wamefundishwa tangu utotoni kwamba dawa ya deni ni kulipa, na hapa wanaadhibiwa kwa kulipa. La pili: saa za kazi zikipunguzwa kiwandani, familia ikaomba kushuka hadi kifurushi cha bei nafuu katika kampuni ile ile, punguzo laweza kukatwa kwa sababu ofa ilitaka kifurushi kikubwa. Hawajaondoka. Wamepungukiwa tu.

Na simu yenyewe, mpaka ilipwe yote, kwa kawaida inabaki imefungwa kwenye mtandao ule mmoja. Bunge lilipitisha sheria ya kufungua simu, na Rais Obama akaitia sahihi Agosti 2014; tukadhani mambo yamekwisha. Sheria ile ilimruhusu mteja kufungua simu yake bila kuvunja hakimiliki, haikuilazimisha kampuni kumfungulia. Julai 2024 ninyi wenyewe mlipiga kura kupendekeza kwamba kampuni zote zifungue simu siku 60 baada ya kuwashwa. Mama wa Uvira, kama kanuni hiyo ingekuwapo, angeendelea na simu yake Iowa huku akilipa deni pole pole. Badala yake alinunua nyingine kwa mkopo mwingine.

Mtaniuliza kama kuna nchi iliyoweza kulitatua hili. Ni majirani zenu wa kaskazini. Tume ya mawasiliano ya Kanada, CRTC, ilitoa Kanuni ya Simu za Mkononi mwaka 2013. Inasema kwamba mteja aliyepewa simu kwa ruzuku, akiondoka mapema, adaiwe ruzuku ile iliyogawanywa kwa miezi isiyozidi 24, ikipungua sawasawa kila mwezi mpaka iishe. Baada ya miaka miwili hadaiwi chochote. Tangu Desemba 2017 simu mpya zote zinauzwa zikiwa zimefunguliwa. Kampuni za huko nazo zilijaribu ujanja huu wa kuuita mkopo: mwaka 2019 zilianza kuuza simu kwa miezi 36, na CRTC ikaziamuru zisimamishe mara moja. Mwaka 2021 ikatamka wazi kwamba mpango wa kulipia simu kidogo kidogo uliofungamana na huduma unahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wa huduma, na kanuni inauhusu. Kampuni za Kanada hazikufilisika kwa hilo, na maduka yao bado yanauza simu za mkopo.

Najua jibu linaloweza kutolewa na mawakili wenu: mkopo wa kifaa ni kazi ya ofisi nyingine, ninyi ni wa mawasiliano. Lakini punguzo linategemea nini? Linategemea laini kubaki wazi. Laini ikifungwa, punguzo linakufa. Sharti la namna hiyo ni sharti la huduma ya mawasiliano, hata likiandikwa kwenye karatasi ya rangi gani. Isitoshe, mna kanuni zenu za ukweli katika bili, mlizozitunga mwaka 1999, zinazotaka bili iwe na lugha nyepesi isiyopotosha. Bili yenye mistari miwili inayojifuta kila mwezi, bila kutaja popote kitakachotokea mmoja ukiondoka, inatimiza kanuni hizo kweli?

Naomba basi kila bili, mwezi hata mwezi, iwe na mstari unaosema: ukifunga laini leo, utadaiwa kiasi hiki. Kampuni inakijua kiasi hicho tayari, kompyuta zake zinakihesabu usiku na mchana. Kiasi hicho kionyeshwe pia kabla ya sahihi ya kwanza, kwenye lebo ile ile, karibu na bei ya mwezi na kwa herufi za ukubwa ule ule. Miezi irudi 24. Anayeondoka aendelee kulipa kwa mwezi kama alivyokuwa akilipa, kwa sababu mtu aliyepewa simu kwa kuwa hana dola 720 hawezi kuwa na dola 440 za tarehe moja. Anayelipa mapema asipoteze chochote. Na mahali ambapo mtandao wa kampuni haufiki kwenye makazi mapya ya mteja, arudishe simu ikiwa nzima na deni lifutwe.

Kuhusu lugha nina la kusema zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Hospitali inayopokea fedha za serikali inatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani, na mimi ninalipwa kwa sababu ya sheria hiyo. Lebo yenu ya intaneti nayo inatakiwa itolewe kwa lugha yoyote ambayo kampuni inaitumia kutangaza huduma zake. California imekwenda mbali zaidi: mfanyabiashara aliyejadiliana na mteja kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea anapaswa kumpa mkataba uliotafsiriwa kwa lugha hiyo kabla ya kutia sahihi. Kiswahili hakimo katika orodha ile, na Kentucky haina orodha. Lakini kampuni zimeshajua thamani ya Kiswahili, ndiyo maana zinaajiri vijana wetu wasimame dukani. Wanalipwa kwa kila laini wanayoiuza. Siwalaumu, wana kodi ya nyumba. Wanaowaajiri ndio wanaopaswa kuulizwa. Duka linalouza kwa Kiswahili lidaiwe pia masharti ya kuondoka kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Nipo tayari kuutafsiri bila malipo.

Kwetu, watu hawa walinunua simu taslimu sokoni, wakaweka laini, wakaweka vocha. Vocha ikiisha unakaa kimya hadi upate nyingine, na hakuna anayekudai. Hata Kenya, ambako Safaricom na Google walileta mpango wa kulipa kidogo kidogo mwaka 2020, mnunuzi aliambiwa shilingi 20 kwa siku na akajua kwamba analipia simu. Mtu aliyetoka katika mazoea hayo hana namna ya kubashiri kwamba punguzo lililoandikwa kwenye bili yake linaweza kugeuka deni. Na deni lisilolipwa likipelekwa kwa wakusanya madeni laweza kukaa kwenye kumbukumbu zake za mikopo kwa miaka 7. Mwenye nyumba ataliona. Muuza gari ataliona.

Nina bili kadhaa za namna hii. Wenyewe wamenikubalia niziwasilishe kwenu, majina na namba zikiwa zimefutwa, pamoja na maelezo ya Kiingereza niliyoyaandika chini ya kila mstari. Naomba mnitajie afisa wa kumkabidhi.

Wenu katika utumishi,

Mkalimani wa Kiswahili,
Louisville, Kentucky