Bathdei za Gogo hazijawahi kula simiti ya mtu

Wiki mbili zimepita tangu anko aandike kwenye grupu ya familia kwamba hakuna bathdei ya mjukuu itafanywa kwa Gogo tena mpaka nyumba iishe. Watu kumi na mmoja wakaweka dole gumba. Mimi sikuweka. Na kwa sababu kwenye hiyo grupu mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili haulizwi maoni, wacha niyamwage hapa.

Kwanza muelewe kwetu. Litein iko kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, na ni chai kila upande mpaka nyuma ya choo cha jirani. Gogo ana ekari moja na nusu, majani yanaenda KTDA kama ya karibu kila mkulima mdogo wa huku. Ile pesa ya kila mwezi ni ya chumvi na karo. Pesa ya kujengea ni bonasi, na bonasi inaingia mwezi wa kumi. Kwa hivyo Litein nzima inaanza mjengo wakati mmoja. Oktoba fundi hashiki simu yako. Akishika, anakuuliza wewe ni nani. Halafu Novemba shule zinafungwa, wajukuu tisa wanatua kwa Gogo na mabegi, na katikati ya sebule kuna mlima wa kokoto.

Ongeza mvua. Huku alasiri ni yake. Fundi anafanya kazi asubuhi, saa nane anafunga vyombo. Mjengo wetu ulikuwa wa wiki sita, ukaanza Oktoba. Sasa tuko mwisho wa Machi.

Sasa bathdei. Gogo hajui tarehe aliyozaliwa, kitambulisho chake kimewekwa tu 1 Januari kama cha wazee wengi wa rika lake. Lakini saa ya kuzaliwa ya kila mjukuu anaijua, kwa sababu saa ndiyo jina. Kwetu Wakipsigis, na Wakalenjin wengine pia, aliyezaliwa kukipambazuka ni Kipkoech ama Chepkoech. Ng'ombe wakienda malishoni, Kipngetich, Chepngetich. Wakirudi, Kiprotich, Cherotich. Usiku, Kipkemoi, Chepkemoi. Kukinyesha, Kiprop, Cherop, na kwa hali ya hewa ya Litein sijui kwa nini si sote tunaitwa hivyo.

Shangazi yetu, senge, ndiye alileta mambo ya bathdei kutoka Nairobi mjukuu wa kwanza alipofikisha mwaka. Gogo aliangalia mishumaa, akacheka, halafu akatengeneza yake. Siku yako ikifika anakuita saa yako. Wa alfajiri anaamshwa kukiwa bado giza. Unakaa kwenye kigoda katika jikoni yake ya moshi, anakumiminia mursik kutoka kwa sotet kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya wazee, halafu anakuambia ile saa ilivyokuwa. Nani alitumwa kumwita mkunga. Nani alilia kuliko mama yako. Mimi nilizaliwa usiku stima ya jirani ikiwa imepotea na torchi haina betri, na nimesikia hii hadithi zaidi ya mara ishirini, na kila mwaka anaongeza kitu. Nusu saa, imeisha, mnaenda kuchuna chai.

Kabla mtu hajanijia: sijasema hii ni mila ya Wakipsigis ya tangu zamani. Jina la saa ndilo la zamani. Hii nyingine ni ya Gogo.

Halafu sisi tukaongeza zetu. Keki. Maputo. Kumwagiana maji, ambayo ni ya Kenya nzima na sidhani itawahi kuisha. Na miaka miwili iliyopita nikaingia mimi na taa yangu ya duara, nikasema tunahitaji pazia ya dhahabu nyuma ya keki ndio video ikae poa.

Desemba ilikuwa bathdei ya binamu wa jioni, yule wa ng'ombe kurudi. Anafikisha miaka minane. Sebule ilikuwa imewekwa taili siku nne tu kabla, nyeupe, zinang'aa kama za benki. Nani alisukuma ziwe hizo? Mimi. Nilikuwa narekodi video ya kabla na baada, na simiti ya kawaida haileti watu kwenye ukurasa wako. Watoto wakachota maji kwenye pipa la fundi, yale ya kumwagilia plasta, wakamkimbiza mwenye bathdei mpaka ndani. Gogo naye alikuwa anatoka jikoni na sotet kwenda kumwita, maana ng'ombe walikuwa wameshafika kwa lango.

Aliteleza. Sikurekodi, kama mnajiuliza. Mkono ulivunjika kwa kifundo, ukafungwa wiki sita. Sotet ikapasuka, ile aliyopewa alipoolewa. Hakulia kwa mkono. Aliokota vipande vya sotet kwa ule mkono mzima akaviweka kwenye leso.

Kutokana na hapo ndipo anko akafikia uamuzi wake. Bathdei ni hatari na zinakula pesa ya mjengo. Alipiga hesabu vizuri kabisa: wajukuu tisa, kila mmoja karibu 4,500 mwaka jana, jumla 40,500. Simiti tunanunua 750 mfuko. Hiyo ni mifuko 54 iliyoliwa ikiwa na krimu juu. Watu wakashtuka, dole gumba zikaanza kumiminika.

Lakini angalieni hiyo 4,500 ni ya nini. Keki, maputo, soda, nauli ya kuleta keki bila kupondeka, pazia langu la dhahabu. Bathdei ya Gogo inatumia maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, aliyemkamua mwenyewe. Ni sufuri. Kwa hivyo tumechukua gharama zetu, tukazibandika kwa kitu chake, halafu tukamkataza yeye. Na taili za kuteleza, kununua na kuweka, zilikuwa 62,000. Hizo hakuna mtu alizipigia hesabu ya mifuko.

Hiyo ya "mpaka nyumba iishe" nayo ndiyo inanimaliza. Nyumba gani ya Kenya uliwahi kuona ikiisha? Baada ya taili senge ameshataja dari ya jipsamu. Baada ya dari ni ua, baada ya ua ni geti, baada ya geti bonasi imeshuka na tunangoja mwaka mwingine. Binamu wa jioni atakuwa amemea ndevu. Na Gogo anakaribia miaka themanini, manze. Tuseme tu vile iko.

Sijakataa mjengo. Nyumba ya zamani ilikuwa ya udongo, mvua ya mawe ilitoboa mabati, na kulikuwa na sufuria mbili za kudumu kwenye kitanda chake zikishika maji. Wale mnaoweka picha za nyumba za udongo na muziki wa huzuni, karibuni mlale humo mwezi wa tano. Anko na senge wametoa pesa zao kwa hilo paa, mimi nimetoa maoni na 6,000. Heshima yao iko pale pale.

Lakini sasa kwenye mpango uliobaki kuna kubomoa jikoni ya moshi, ijengwe ya kisasa yenye sinki na gesi. Nikauliza, senetwet atachomea wapi? Sotet inasafishwa kwa mti uliochomwa, ndio mursik inapata ile rangi ya majivu na ile harufu. Hiyo mursik mnaona wakimbiaji wakinyweshwa JKIA wakitua na medali haitoki kwa gesi. Senge akaniambia atanunua ya dukani.

Kwa miezi hii yote hakuna mtu alikuwa amemuuliza mwenye nyumba. Jumapili nilimkuta ameketi nje, mkono umepona lakini hauwezi kukamua vizuri bado. Nikamuuliza, Gogo, wewe ulitaka nyumba iweje? Akasema, "Weri, mimi nilitaka tu kusivuje kwa kitanda. Na mahali pa moto. Hayo mengine ni yenu."

Kwa hivyo jana usiku nimeandika kwenye grupu, ndefu, bila emoji. Jikoni ya moshi ibaki, iwekewe bati jipya na sakafu ya simiti ya kukwaruza. Keki iwe moja, Desemba, ya wote tisa kwa pamoja, na pesa itakayobaki iende kwa fundi. Maji yamwagwe nje kwenye nyasi, mwenye kuingia na mtungi ndani atalala na ng'ombe. Lakini saa ya mtu isiunganishwe na ya mwingine, na isingoje jipsamu. Ile video ya kabla na baada nimeitoa kwenye ukurasa wangu, na hapana, siirudishi. Sotet mpya nimenunua sokoni, Gogo amesema bado inanuka mboga ya malenge na itachukua miezi kuzoea maziwa.

Binamu wa alfajiri anafikisha kumi na mbili Jumamosi. Fundi anarudi Jumatatu. Senge hajajibu bado, lakini ameona. Tiki zimekuwa bluu tangu saa nne.