KAZI YA MTANDAONI: TAJIRI GANI ANAKUOMBA WEWE HELA?

Ndugu msomaji, kama una simu mkononi, ule ujumbe umeshakufikia. Namba ya nje, jina la kizungu, picha ya dada anayetabasamu: fanya kazi ukiwa nyumbani, Sh 80,000 kwa siku! Kazi yenyewe? Eti kubonyeza alama ya kupenda video. Jiulize, tangu lini mtu akalipwa mshahara kwa kupenda?

Changa hili la macho lina ngazi. Siku ya kwanza unatumiwa Sh 5,000 kweli, unawaita mpaka washikaji wa kijiweni waje kuona. Siku ya tatu unaambiwa uweke Sh 50,000 "upande daraja". Ukiweka, kwenye kioo unaona salio limefika laki tatu. Ukitaka kuzitoa, lipa kwanza "kodi". Ukilipa kodi, kuna "ada ya kufungua akaunti". Utalipa mpaka uuze godoro, na ile laki tatu ni tarakimu tu. Kaka zetu walilizwa na DECI mpaka Serikali ilipoipiga stop mwaka 2009. Wale waliita kupanda mbegu. Shamba ni lile lile, jembe ndilo jipya.

Kazi halali ipo, sikudanganyi. Kutafsiri, kugeuza sauti kuwa maandishi, kuchora matangazo, kuandika programu. Pale Upwork mteja analipa, wenye mtandao wanakata chao. Kweli, kuomba kazi kunakula tiketi zinazoitwa Connects, moja senti 15 za Marekani, na ombi moja laweza kumeza zaidi ya kumi. Lakini bei imeandikwa waziwazi, na humlipi Bwana Fulani wa Telegram. Miezi ya mwanzo ni njaa tupu, anayekwambia vingine anakuuzia kozi.

Na halali haina maana ya uhakika. Kenya, vijana wengi waliishi kwa vibarua vya Remotasks, kuifundisha kompyuta kutambua picha. Machi 2024 mtandao ukawafungia mlango, taarifa ikaja kwa barua pepe. Basi!

Sasa tuje kwa vigogo wetu. Kila jukwaa wimbo ni mmoja: vijana jiajirini, tumieni teknolojia. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Kijana aliyetakiwa kukabidhi kazi Oktoba 30 kwa mteja wa Ulaya alimwambia nini, na kwa njia gani? Mteja hajui habari za uchaguzi wetu, anajua kazi haikufika. Anakupa nyota moja, na kwa nyota moja hakuna atakayekuita tena.

Machinga akivunjiwa kibanda, angalau mbao zinaonekana barabarani. Huyu kavunjiwa akiwa chumbani kwake, hata picha ya gazetini hakuna. Kabla hamjapanda tena jukwaani kutuambia tujiajiri, tujibuni: ile swichi iko mikononi mwa nani, na hasara ya siku zile anailipa nani?