Mfupa Kuunga Si Mwisho wa Tiba

Bodaboda inapoanguka katika barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mara nyingi mguu ndio huumia kwanza, kwa kuwa hubanwa baina ya pikipiki na ardhi. Kichwa kisicho na kofia ngumu nacho hakisalimiki. Shambani, panga na jembe hukata mikono na nyayo. Na aangukaye kutoka mwembeni huweza kuvunjika uti wa mgongo.

Lakini kwa mkulima wa Makere, hasara kubwa huweza kuanza baada ya kutoka wodini. Mfupa wa paja wa mtu mzima huhitaji takriban miezi 3 hadi 6 kuunga. Katika muda huo, goti lisilokunjwa hukakamaa na misuli hunyauka. Mfupa ukiunga, naye asiweze kuchuchumaa wala kulima, je, tuseme amepona?

Rai yetu kwa watumishi wa afya ni hii: mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kufundishwa mazoezi yanayomfaa, mbele ya ndugu atakayemwuguza. Zahanati ya kijijini nayo ipewe maelekezo ya maandishi ili imfuatilie, maana nauli ya kwenda Kasulu mjini mara kwa mara huwashinda wengi.

Nawe ndugu mgonjwa, maumivu yakizidi ndani ya plasta, au vidole vikiwa baridi ama vikifa ganzi, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.