Gundi Itatuumbua

Ndugu msomaji, nina ugomvi. Naugombea kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: vile vyuma vya kung'aa vinavyopigwa kwenye mikanda, makubazi na ala za visu. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Eti wenzake wanaandika mapenzi na siasa, yeye anatuletea habari za fundi viatu! Chekeni tu, lakini nifuateni hadi mwisho, maana ugomvi huu una fungu lenu pia.

Nilimaliza kidato cha nne huku kusini, na matokeo yalipotoka hayakunipeleka popote. Nikabaki na vitu viwili: daftari la riwaya isiyokwisha na mikono isiyo na kazi. Fundi mmoja wa ngozi pale Newala akanihurumia, akanipa kigoda kibandani mwake. Tangu hapo mchana nashika nyundo, usiku nashika kalamu. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasoma kitabuni.

Ngozi nene haitaki papara. Mkanda wa ngozi ya ng'ombe unaweza kufika unene wa milimita 4. Ukitaka kuupamba, kwanza unapima na kutia alama, maana tundu likishatoboka limetoboka. Unaulaza juu ya gogo, unatoboa tundu la kutosha shina la ribiti na si zaidi. Likizidi, pambo litacheza, na likicheza litakula ngozi mpaka ling'oke. Shina lenyewe lazima litokeze upande wa nyuma kama milimita 2 au 3. Likiwa fupi halishiki. Likiwa refu linapinda badala ya kutanuka. Unalivisha washa, unalifudikiza pambo juu ya chuma kilichotandikwa kipande cha ngozi lisibonyee, ndipo unagonga. Si kwa nguvu, bwana! Unagonga taratibu, unazunguka, mpaka ncha ya shina itanuke kama uyoga. Hapo chuma na ngozi vimeoana.

Yale mapambo yenye meno ndiyo mtihani hasa. Meno ni mafupi, ngozi ni nene, hayatokei upande wa pili. Fundi mvivu anayapinda hapohapo yalipofikia. Fundi wa kweli anaikwangua ngozi kwa nyuma, pale tu meno yatakapotokea, kisha anayalaza yakielekea ndani na kuyafunika kwa ngozi laini yasikwaruze nguo. Tena anachagua madini. Shaba ya njano inavumilia. Chuma kitupu kikikutana na jasho juu ya ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kinaacha doa jeusi lisilofutika. Yote haya mnunuzi hayaoni. Yeye anaona kinachong'aa mbele. Kazi yenyewe iko nyuma.

Sasa teremka Masasi, nenda sokoni. Mikanda imetundikwa tele, inameremeta utadhani harusi. Shika mmoja ukunje: ndani ni kitambaa na karatasi iliyopakwa rangi. Kwaruza pambo kwa kucha: limebandikwa gundi. Safari moja ya basi, jasho la siku moja, kwisha habari. Hayo yametoka viwandani mbali, na wenye viwanda hivyo hatuwajui wala hawatujui. Kinachoniuma ni sisi mafundi wa hapa. Badala ya kushindana na ubabaishaji huo, tumeuiga. Siku hizi kibandani chupa ya gundi iko karibu na mkono kuliko nyundo. Na ngozi tunayoichafua hivyo ni ngozi ya kweli, inayotoka mbali, maana huku kwetu kwenye korosho ng'ombe si wengi.

Mnaniuliza nimepata wapi mdomo wa kuwasema wenzangu? Nimeupata kwa kuumbuka mwenyewe.

Bibi mmoja alikuja kibandani mwezi wa kumi na mbili, fedha zake za korosho amezifunga kwenye pindo la khanga. Mjukuu wake alikuwa anatoka jandoni. Fundi siku hiyo hakuwepo, nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka mkanda wenye nyota, mume wangu avae siku ya kutoka. Uwe wa kudumu. Akinenepa, mtamwongezea matundu."

Nyota tulizokuwa nazo zilikuwa za meno mafupi. Kuikwangua ile ngozi kungenichukua saa nzima na zaidi, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye daftari, kuna sura niliyotaka kuimaliza jioni ile. Nikayakata meno kwa koleo, nikapaka gundi, nikabandika. Dakika kumi. Bibi alilipa bila kupunguza hata senti, akaniombea dua.

Siku ya kutoka nilikwenda kuangalia ngoma. Jua kali, vumbi, jasho. Yule kijana anapita mbele ya watu na nguo zake mpya, nyota ya kwanza ikadondoka. Halafu ya pili. Watoto wakaziokota wakawa wanarushiana. Kijana akaufunika mkanda kwa mkono, akaendelea kutembea hivyo hivyo, kama mtu anayeumwa tumbo.

Kesho yake Bibi alikuja. Aliweka nyota tatu juu ya meza. "Mjukuu wangu, hizi zako," akaondoka. Hakudai fedha. Angenitukana, ningelala usingizi.

Wapo watakaonijibu. Wa kwanza atasema: mteja mwenyewe anataka rahisi. Si kweli. Mteja anataka kizuri kwa fedha aliyonayo, na asichokijua ni kilichoko nyuma ya pambo. Sisi tunakijua. Kujua na kunyamaza ukapokea fedha, hiyo ina jina lake. Kama hana fedha ya nyota kumi, mpigie nne zinazoshika. Nyota nne zinatosha mkanda wa mtoto.

Wa pili atasema: gundi ndiyo maendeleo, mambo ya ribiti ni ya kizee. Huyu namwambia gundi sina ugomvi nayo mahali pake. Inashikilia soli kabla ya kushonwa, inalaza bitana. Lakini kitu kizito cha chuma, juu ya ngozi inayokunjwa na kukunjuliwa kila siku, gundi peke yake haiwezi. Ngozi inapinda, chuma hakipindi, gundi iliyoko katikati inaachia. Hiyo haina uzee wala ujana.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Atanikumbusha kwamba hata Wamakonde kwenye sura za mapiko wamebandika nta kuonyesha chale. Kweli. Lakini sura ya lipiko ni ya ngoma, na nta ikitoka mwenye sura anaitia upya. Hakuna aliyemuuzia bibi lipiko akamwambia ni mkanda wa kudumu. Tena tukitaka ushahidi wa uwanda huu wa Makonde, upo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akaandika kwa kirefu juu ya mapambo ya mdomo, ya pua na ya masikio. Ndonya ilipita kwenye mdomo wa juu. Pambo lilitoboa, likauma, likakaa. Sisemi turudie ndonya, jamani. Nasema waliotutangulia walijua kwamba pambo linalokaa lina gharama yake.

Sasa zamu yenu, waandishi wenzangu. Mwambie kijana wa mjini neno njumu, anawaza kiatu cha mpira. Hakosei. Lakini kabla ya mpira, watu wa pwani walikuwa na njumu: nakshi ya madini iliyotiwa kwenye mbao na silaha. Kile cha kufungia mkanda kina jina, bizimu. Sindano ya kutobolea ngozi ina jina, msharasi. Chuma cha kufulia juu yake kina jina, fuawe. Sisi tunaandika nini? "Kile kidude." Tunamweka fundi katika hadithi, halafu hatujui mkononi ameshika nini. Badala yake tunapaka gundi: machweo mekundu kama damu, msichana mwenye macho ya gololi, maneno matatu magumu tuliyoyaokota kwenye kamusi jana usiku. Yanameremeta kwenye ukurasa wa kwanza. Kufikia wa tatu yameshadondoka, na msomaji anayaokota akitucheka.

Mimi ndiye wa kwanza. Ile sura niliyoikimbilia jioni ile, niliyomuuzia Bibi uongo ili niimalize, nimeisoma tena. Ilikuwa na machweo mawili na mwezi mmoja. Nimeichana.

Kuhusu mkanda: nilikata ngozi mpya, fundi akaikata bei yake kwenye malipo yangu, na ni haki yake. Nikakwangua, nikatoboa, nikapiga nyota za shina, moja baada ya moja, kutwa nzima. Nikaupeleka kijijini kwa miguu. Bibi alinikaribisha, akanipa maji, akaupokea kwa mikono miwili. Sura yake sikuweza kuisoma. Zile nyota hakuziangalia. Aliugeuza mkanda kwanza, akapitisha kidole upande wa nyuma, washa moja, nyingine, mpaka mwisho.

Ndipo akamwita mjukuu wake.

Wenzangu wa nyundo na wenzangu wa kalamu, tukiendelea na gundi, tutakuwa tumewafundisha akina Bibi wote kutugeuza nyuma kabla ya kutuamini. Na mimi naona wawe wanafanya hivyo tangu leo. Ukinunua mkanda, ugeuze. Ukisoma hadithi zetu, zigeuze. Ukikuta nyuma patupu, turudishie nyota zetu mezani.