Daftari la Samaki Lisigeuke Daftari la Washukiwa

Kijana mwenzangu wa Pwani, kabla hujapita na simu yako, nikuulize. Unajua babako ameandikwa mara ngapi ili aruhusiwe kuvua samaki?

Hesabu pamoja nami. BMU ya diko lake ina daftari la wanachama. Ofisi ya uvuvi ina fomu ya leseni ya mvuvi, na nyengine ya usajili wa chombo. Akisimamishwa baharini, ofisa anaweza kutaka jina, kitambulisho na leseni. Ukija mradi wa injini au nyavu, kuna fomu nyengine tena na picha. Na kila mahali nambari ya simu, ile ile inayoshika M-Pesa ya nyumba nzima.

Sasa nenda kamuulize leo jioni akishuka na ndoo yake: katika hao wote waliokuandika, kuna hata mmoja aliyekwambia habari zako zinakwenda wapi, nani atazisoma, na zitakaa huko miaka mingapi? Msikilize atakavyokujibu. Nina hakika wengi wetu tutajibiwa kwa kicheko.

Tuwe wakweli kwanza. Bahari inahitaji ulinzi. Juya linakokota mpaka vitoto vya samaki, na hakuna aliyelelewa na bahari atakayelitetea. Meli kubwa za kigeni nazo zafaa kujulikana ni za nani na zinavua wapi. Sheria ya uvuvi ya 2016 inaipa serikali nguvu ya kusajili vyombo, kutoa leseni na kukagua. Hapo hatuna ugomvi. Anayelinda samaki lazima ajue nani anavua na kwa nyavu gani.

Ugomvi wetu ni huu: habari iliyochukuliwa kwa ajili ya samaki inafanyiwa nini baada ya samaki?

Usiniambie ni swali la wasomi wa Nairobi. Muulize mvuvi wa Lamu. Kuanzia 2011, baada ya wageni kutekwa nyara, kuvua usiku kulipigwa marufuku na watu wakakaa miaka na taa zao zimezimwa. Kosa halikuwa lao, lakini ni wao waliolipa, kwa sababu mbele ya jicho la usalama mvuvi na mshukiwa walionekana kitu kimoja. Kisha mwaka 2018 kikaundwa kikosi cha Walinzi wa Pwani, chini ya wizara ya usalama wa ndani. Kazi zake kisheria ni nyingi: kulinda samaki, kuzuia magendo, dawa za kulevya, silaha, na kuokoa watu. Kazi nzuri. Lakini fikiria: mkono unaouliza leseni ya kuvua ndio huo huo unaosaka wahalifu. Basi daftari la kwanza likiingia katika kabati la pili, nani atajua? Babako hatajua. Atakachojua ni kwamba siku hizi anasimamishwa yeye tu, na hajui kwa nini.

Sisemi limeshatokea kwa babako. Nasema anayetaka tumwamini atuonyeshe ukuta ulio baina ya makabati hayo mawili. Sheria inamtaka aonyeshe. Si hisani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inasema habari za familia yako na mambo yako ya faragha zisitakwe wala zisifichuliwe bila ya haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kuvipa meno vile vya Katiba. Inasema mwenye kuchukua habari zako akwambie kabla ya kuzichukua: anachukua nini, kwa nini, na atampa nani. Achukue zinazohitajika tu. Asizitumie kwa jambo jengine lisilopatana na lile la mwanzo. Asizikalie zaidi ya muda wa haja yake. Alama za vidole, majina ya mke na watoto, mali, kabila na imani vimewekwa katika daraja ya habari nyeti, na ulinzi wake ni mkali zaidi. Kwa hivyo fomu ya leseni ya kuvua ikimuuliza mzee jina la mkewe, ana haki ya kuuliza: samaki wanamjua mke wangu?

Kuna watakaokwambia, "Mimi sina la kuficha." Ndugu yangu, hata nyumba isiyo na wizi ina mlango. Mvuvi ana mengi ya kulinda yasiyo haramu. Ana mahali anapopata samaki, siri aliyorithi kwa babu yake. Ana saa anazotoka na saa ambazo nyumba haina mwanamume. Ana simu yenye pesa. Tapeli akijua jina lako kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya laini na kwamba unangojea injini ya mradi, anahitaji nini tena? Atakupigia akuite kwa jina, akwambie injini yako imefika, tuma ada ya usafiri. Na mzee atatuma.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya usalama wa taifa, usiyaguse." Kweli, sheria ina mwanya wa usalama wa taifa. Lakini mwanya huo unafunguka panapokuwa na haja ya kweli, na haumvui mtu majukumu yote. Tumeshayaona haya. Mnaikumbuka Huduma Namba? Tulipanga foleni 2019 tukatoa vidole. Jumuiya ya Wanubi, watu wanaojua vizuri uchungu wa kuhojiwa kwa ajili ya kitambulisho, ikaenda mahakamani pamoja na wengine. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataa kuchukuliwa kwa DNA na ramani ya makaazi ya mtu, na ikataka sheria kamili iwekwe kwanza. Oktoba 2021 mahakama ikasema utoaji wa zile kadi ulikwenda kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara yake kwa faragha za watu. Mradi wa nchi nzima ulisimamishwa kwa hoja hiyo. Daftari la diko litashindwaje kuulizwa?

Na usidhani nawaambia wazee wakatae kuandikwa. La hasha! Kuandikwa ni riziki vilevile. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kwa ujenzi wa bandari mpya. Katika jambo kama hilo, asiye kwenye orodha anakaa nje. Aliyeandikwa jina kwa makosa, "Shee" ikawa "Shehe", nambari moja ikaruka, naye anakaa nje pamoja na haki yake. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuona ulivyoandikwa na kudai isahihishwe. Usiri na usahihi vinakwenda pamoja. Tunataka tuandikwe sawasawa, kisha tufungiwe mlango.

Sasa tujitazame wenyewe, maana lawama ya upande mmoja haijengi. Nani anapiga picha daftari la BMU na kulirusha kwenye kundi la WhatsApp, majina na vitambulisho vyote wazi, eti "wenye majina yao wafike ofisini kesho"? Si ofisi ya Nairobi hiyo. Ni katibu wetu, kijana kama wewe, na nia yake njema. BMU inashika habari za watu, kwa hivyo sheria inaigusa nayo. Hata ikiwa ndogo kiasi cha kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, haijasamehewa kutunza. Jina la mtu ni amana. Hatuwezi kumdai mkubwa amana ambayo sisi wenyewe tunaitupa barazani.

Basi ufanye nini? Wewe unayesoma na kuandika kwa simu hii, uwe karani wa mzee wako.

Moja: akiitwa kuandikwa, nenda naye. Soma fomu yote kabla ya sahihi. Uliza kwa heshima: hii ni ya nini, itapelekwa wapi, itakaa muda gani? Pasipo na jibu, andika ulilouliza na tarehe.

Mbili: mwandikie barua ofisi iliyomsajili, kwa jina lake na sahihi yake, mkiomba kuona habari zake zote walizonazo na nani wamepewa. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kujibu, na hakuna malipo.

Tatu: mkikuta kosa, ombeni lisahihishwe. Wakinyamaza au wakikataa, pelekeni malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza.

Nne: kwenye mkutano wa BMU, simama uombe daftari liwe na mtu mmoja wa kulishika, kabati lenye kufuli, na mwisho wa kurusha orodha kwenye makundi.

Barua moja itawekwa chini ya faili. Barua mia mbili kutoka Vanga mpaka Kiunga haziwezi kuwekwa chini ya faili.

Mzee amekulisha kwa bahari hiyo. Alitoka na kusi akarudi na kaskazi, nawe ukaenda shule ukajifunza kusoma. Sasa kamsomee fomu yake.